Vidole na Shingo ya Mwanawe

Mume wa dada yangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini ukiliulizia mtaani kwetu hutapata wa kukuelekeza. Uliza Vidole. Hapo hata mtoto aliyeanza kutembea juzi atakuonyesha mlango wa bluu karibu na lango la ua wetu.

Kazi yake ni kukanda watu. Hakuisomea popote. Alifundishwa na mama yake, ambaye enzi zake alikanda waashi na wachukuzi mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Wateja wa Vidole wengi ni wapakiaji wa ghala la mbao lililo nyuma ya ua. Wanabeba mbao begani kutwa, na jioni wanaingia kwake wamepinda kama misumari iliyong'olewa. Chumba chake cha mbele kina benchi refu lililovikwa ngozi ya plastiki, limechanika upande wa kichwani na kushonwa kwa uzi wa viatu. Kuna beseni, taulo zilizofuliwa mpaka zikakonda, na chupa za mafuta yenye kafuri. Ukinywa naye chai, chai yenyewe inanukia kafuri.

Mimi naishi chumba cha mwisho cha ua huohuo, na kwa kuwa si msemaji nimekaa sana kwenye kigoda cha mlangoni kwake nikimsikiliza. Hamuulizi mtu anaumwa wapi. Anamwambia atembee mpaka ukutani arudi, kisha anamlaza, anafumba macho na kuanza kutafuta kwa mikono. Misuli kwake ni wapangaji.

"Huyu wa juu ndiye anayepiga kelele," anamwambia mpakiaji, "lakini mwenye makosa ni huyu wa chini."

"Basi mfukuze," mpakiaji anasema, uso umezama kwenye benchi.

"Simfukuzi. Nazungumza naye."

Na kweli baada ya muda mtu anainuka, anazungusha bega lake na kucheka peke yake. Nimeyaona hayo mara nyingi sana. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyekuwa na shaka, hata mimi.

Vidole na dada yangu wana mtoto mmoja, wa kike, na ua mzima unamwita Chapchap. Alikuwa na miaka tisa. Ukimtuma kuleta kijiko anakimbia, ukimwambia akalale anakimbia. Jumamosi moja mchana aliazima baiskeli ya mtoto wa jirani. Siku hiyo wanawake walikuwa wamefua, na waya wa kuanikia ulikatiza ua kutoka nguzo hadi nguzo. Nguo zilikuwa zimekauka na kuanuliwa. Waya mtupu hauonekani, hasa ukiwa unaingia langoni kwa kasi huku umegeuka nyuma kuwazomea wanaokufukuza.

Ulimkamata shingoni, upande wa kushoto, chini kidogo ya taya. Yeye akabaki hapo akaanguka kitako, baiskeli ikaendelea na safari yake peke yake mpaka kwenye tangi la maji. Watu walicheka, maana baiskeli isiyo na mwenyewe inachekesha. Chapchap naye alicheka, ila kicheko kilitoka na mkwaruzo, kama cha mtu mwenye mafua. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu uliovimba kidogo, kana kwamba amefungwa uzi.

Vidole alitoka na mafuta mikononi, mpakiaji kamwacha kwenye benchi. Alimkalisha mwanawe katikati ya magoti yake, akafumba macho, akamkanda kutoka sikioni kushuka begani, polepole, huku akimsimulia habari za baiskeli zilizotoroka zenyewe. Uvimbe ulitulia. Akafumbua macho.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Mpangaji ameshtuka tu."

Kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Asubuhi dada yangu alikuwa anamchana nywele mtoto mlangoni, kwenye mwanga. Nikamwona ameacha kuchana. Alimshika kidevu akamgeuza kwake.

"Hilo jicho lina nini?"

"Halina kitu, mama." Sauti bado ilikuwa inakwaruza.

Kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka kidogo, kama ya mtu anayetaka kusinzia kwa upande mmoja tu. Vidole aliitwa, akainama, akatazama.

"Hayo ni macho ya mama yangu," alisema. "Akichoka huwa hivyo hivyo."

"Jana hakuwa na macho ya mama yako."

"Si amelala vibaya tu."

Dada yangu alifunga nywele za mtoto zilivyokuwa, nusu zimechanwa nusu bado, akachukua mkoba wake. "Mimi na huyu tunakwenda hospitali, Baba Chapchap. Ukitaka kuja, nawa mikono."

Alinawa. Akaniambia, "Shemeji, twende," nami nikaenda, kwa sababu nilimwona hataki kukaa peke yake na mke wake njiani.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya bapa na sauti ya taratibu. Aliutazama ule mstari shingoni bila kuubonyeza. Alimulika macho ya Chapchap, moja baada ya jingine, akarudia, kwa kuwa mboni ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia. Alimwambia amkamate vidole vyake na kuminya, anyooshe mikono, atembee kwenye mstari wa vigae. Aliuliza kama kichwa kinauma. Kumbe kilikuwa kinauma tangu jana yake jioni, juu ya jicho lilelile, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kunyang'anywa baiskeli. Mwisho daktari aliweka kipimo chake cha kusikilizia ubavuni mwa shingo, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nataka apigwe picha," alisema.

"Ya mifupa?" dada yangu aliuliza.

"Ya mishipa ya damu, mama. Ile mikubwa inayopita shingoni kupanda kichwani. Si kila mtoto aliyegonga shingo tunampiga picha hii. Ina mionzi, na mtoto hapewi mionzi bila sababu. Lakini huyu ana alama ya waya, sauti inakwaruza, kope imeshuka, na kichwa kinauma. Sababu ninazo za kutosha."

Mashine yenyewe ilikuwa duara kubwa lililosimama, kama tairi la trekta, na kitanda chembamba kinachoingia katikati yake. Mpiga picha, baba mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimwekea Chapchap sindano mkononi ya kupitishia dawa inayofanya mishipa ionekane.

"Sikiliza, binti. Dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Ukitikisika tunarudia."

Chapchap, ambaye hajawahi kutulia hata akinyolewa, alilala kama gogo. Alipotoka aliniita pembeni. "Mjomba, nilijipapasa. Nilikuwa mkavu kabisa."

Kisha daktari alituita kwenye chumba chenye kioo cha picha. Mishipa ilionekana myeupe, miwili, inapanda kama miche. Wa kushoto ulikuwa umebanwa mahali fulani, kama mrija uliokanyagwa.

"Mshipa una bitana kwa ndani, kama koti," alisema. "Waya uliuminya mshipa kwenye mifupa ya shingo, bitana ikachanika. Ukilitazama koti kwa nje ni zima. Lakini damu imeingia chini ya bitana, na pale penye mchaniko damu inapenda kuganda. Donge likibanduka linapanda kwenye ubongo."

"Likifika huko?" dada yangu aliuliza.

"Kiharusi."

"Kiharusi ni cha wazee, dokta. Huyu ana miaka tisa."

"Hakiulizi miaka, mama. Na mara nyingi hakiji saa ileile mtu anapoumia. Kinaweza kukaa siku kadhaa ndipo kije. Hicho ndicho tunachotaka kukiwahi, na bado tuna nafasi." Aligeuka kutoka kwenye kioo. "Kuna mtu aliyemkanda?"

Dada yangu alitazama sakafu. Mimi nilitazama ukuta. Vidole aliinua mikono yake kidogo kutoka mapajani, kama mtoto anayeonyesha kuwa amenawa.

"Ni mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Usingeweza kusikia," daktari alisema. "Hata mimi kwa vidole vyangu nisingesikia. Aliyemuumiza ni waya, baba. Kama kukanda kuliongeza kitu, siwezi kukwambia, sijui. Ila kuanzia sasa shingo hii haiguswi. Haikandwi, haivutwi, haigeuzwi kwa nguvu. Mkono unaweza kulibandua donge ambalo dawa inajaribu kulizuia."

Vidole aliitikia kwa kichwa. Alipokaa tena niliona ameikalia mikono yake, kila mmoja chini ya paja lake.

Walimlaza. Alitundikiwa dripu yenye dawa ya kuzuia damu isigande, na wauguzi walikuwa wakija kila mara kummulika macho na kumminyisha vidole. Daktari mwingine, wa mishipa, alikuja akaangalia picha, akasema hakuna haja ya upasuaji kwa sasa. Kama mshipa ungezidi kuziba zilikuwapo njia nyingine, za kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja mpaka shingoni, lakini kwa mtoto ambaye mwili wake bado unakua, mara nyingi bitana hujishika tena yenyewe akipewa dawa na utulivu. Neno utulivu lilimfanya dada yangu acheke kwa mara ya kwanza tangu tuingie pale.

Siku ya kutoka walimpa aspirini ndogo ya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa. Daktari alitoa maagizo. Asikimbie, asirukeruke, asipande baiskeli. Akipata homa ya mafua au tetekuwanga, dawa isiendelee kabla ya kuwaona wao. Kila asubuhi mtoto atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Mdomo ukienda upande, mkono ukishuka, maneno yakivurugika, waje mbio bila kunywa hata maji.

Vidole aliyasikiliza yote. Mwishoni aliuliza kwa sauti ndogo, "Na miguu?"

"Miguu imefanya nini?"

"Naweza kumkanda miguu?"

Daktari alicheka. "Miguu ruhusa. Polepole tu, maana kwa dawa hii damu itamvilia haraka."

Basi ua wetu ukaanza maisha mapya. Vidole aliung'oa ule waya kwa koleo, akaufunga nyuma ya nyumba ambako hapiti mtu. Kila asubuhi Chapchap alisimamishwa mbele ya mlango wa bluu na majirani wakasogea kutazama. Alitabasamu. Aliinua mikono. Sentensi aliruhusiwa kuchagua mwenyewe, na akachagua hii: "Baba yangu ana vidole kumi lakini havina kazi."

"Maneno yametoka sawasawa," Vidole alisema siku ya kwanza, na kurudi ndani.

Watu wakacheka, na sentensi ikabaki hiyo kila siku. Yeye alicheka nao, lakini kidogo. Niliona jinsi anavyokuwa kila mtoto anapoketi karibu naye. Mikono ilikuwa inamtoka yenyewe, inaelekea kwenye ile shingo, kisha anaikumbuka na kuikalia. Kulala sana na kutokugeuka kulimkaza mtoto mabega, na akaanza kubembeleza.

"Baba, nikande kidogo tu. Kwa kidole kimoja."

"Hapana, mama."

"Wapakiaji unawakanda, mimi unaninyima. Nawe ni baba yangu, si baba yao."

Vidole akatoka nje kwenda kuosha beseni ambalo lilikuwa safi. Aliliosha mpaka nikamwonea huruma.

Mama yake Vidole alikuja katika siku hizo. Alikuwa amesikia habari nusunusu, kwamba mjukuu ameumia shingo na watu wa hospitali wamekataza asikandwe, na alikuja na chupa yake ya mafuta kwenye mfuko. Dada yangu alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, na Vidole alikuwa chumba cha mbele na mpakiaji mmoja mrefu ambaye goti lake lilikuwa linamsumbua. Bibi alitusalimia, akaulizia hali ya kila mtu mpaka ya goti la yule mpakiaji, akapita pazia kuingia chumba cha ndani.

"Mke mwenzangu," tukamsikia anamwambia mjukuu wake, "njoo ukae hapa kwa bibi. Wamekutesa eti?"

"Shingo imekaza, bibi."

"Naiona."

Kisha ikaja sauti ndogo ya viganja vikavu vinavyosuguana kupasha mafuta. Mimi nisingeitambua. Vidole aliisikia tangu akiwa mtoto, kila siku ya maisha yake, kabla mama yake hajaweka mkono juu ya mtu. Aliuachia mguu wa mpakiaji hewani na kuvuka pazia kwa hatua moja. Nilisimama nami nikashika ukingo wa pazia.

Alikuwa amemshika mama yake mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa karibu kabisa na shingo ya mtoto. Sijawahi kumwona mtu mzima akimshika mama yake namna ile.

"Niachie," bibi alisema.

"Mama, hapana."

"Hii kazi umenifundisha wewe au nimekufundisha mimi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sasa?"

"Siku ile nilimkanda, mama. Vilevile ulivyonionyesha, kutoka sikioni kushuka. Uvimbe ukaisha. Nikawaambia watu hapa hakuna kitu. Na kitu kilikuwapo. Kiko ndani mkono usikofika. Wangu haufiki, na wako haufiki."

"Mkono wangu umefika kwa watu kabla wewe hujazaliwa."

"Najua. Hapa haufiki. Lile donge likitoka, huyu anapooza mbele yetu sote, na sisi ndio tutakuwa tumelitoa."

Mafuta yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye vidole vya wote wawili yakiingia kwenye mkeka. Kutoka chumba cha mbele mpakiaji akauliza, kwa adabu, "Vidole, huu mguu nauweka wapi?"

"Ushushe," Vidole alisema bila kugeuka.

Chapchap alikuwa amekaa wima kati yao, anawatazama kwa macho bila kugeuza kichwa, kama alivyofundishwa. "Bibi," alisema, "miguu dokta ameruhusu."

Ilichukua muda. Mwishowe bibi alivuta mikono yake, na Vidole akaiachia. Mama mtu alijifuta kwenye khanga, akasogea upande wa pili wa mkeka akinung'unika. "Nimetoka kwangu asubuhi yote hii kuja kushika nyayo. Haya, zilete. Umezinawa?"

"Nimezinawa jana."

"Jana, mke mwenzangu?"

Alizipakata, akapasha mafuta upya, akaanza kwenye visigino. Vidole alisimama akimwangalia mpaka alipoona kweli mikono ya mama yake haipandi juu zaidi ya vifundo. Mtoto alisinzia hapohapo. Vidole akarudi mbele kumalizia goti, na mpakiaji akalalamika kwamba leo anatekenywa, kwa vile Vidole alikuwa anamgusa juujuu tu. Bibi alikaa nasi siku kadhaa, na kila alasiri alizidai nyayo zake.

Kope ya Chapchap ilipanda polepole, siku hadi siku, mpaka tukawa tunabishana kama bado imeshuka au ni mazoea ya macho yetu. Sauti ilirudi mapema zaidi. Lakini jicho na sauti haviwezi kukuonyesha bitana, kwa hiyo tulisubiri picha ya pili. Siku hiyo dada yangu alivaa viatu viwili visivyofanana na hakuna aliyethubutu kumwambia. Yule mpiga picha mnene alimkumbuka mtoto. "Karibu, binti. Safari hii tujikojolee?"

Daktari wa viatu vya bapa alizitazama picha mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya, tena na tena. Kisha akatuita tusogee. Mshipa wa kushoto ulikuwa umefunguka. Pale palipokuwa pamebanwa palibaki nundu ndogo tu, kama fundo la uzi ndani ya nguo.

"Bitana imeshika," alisema. "Hiyo nundu tutaiangalia tena, lakini damu inapita vizuri. Aspirini ataendelea nayo kidogo, kisha tutaiacha."

"Akimbie?" Chapchap aliuliza, kana kwamba anamwombea mtu mwingine.

"Akimbie. Baiskeli isubiri kidogo."

Vidole aliinua mkono, akaushikilia juu ya kichwa cha mwanawe, akamtazama daktari.

"Nywele ruhusa," daktari alisema.

Akazishika nywele. Alizishika kwa kitambo kirefu, wauguzi wakawa wanatupisha mlangoni, na dada yangu akageuka kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho nadhani hakikuwamo.

Siku hizi Vidole bado anakanda. Wapangaji bado wana kesi zao na yeye bado anazisikiliza akiwa amefumba macho. Ila mwezi uliopita alikuja yule mpakiaji mrefu wa goti, ubao ulikuwa umeteleza ukampiga shingoni wakati wa kushusha, na alilala kwenye benchi mwenyewe bila kuambiwa.

"Inuka," Vidole alimwambia.

"Nitembee mpaka ukutani?"

"Tabasamu kwanza."

"Nini?"

"Tabasamu. Inua mikono yote. Sema sentensi."

"Vidole, mimi nimekuja kukandwa, sikuja kuigiza." Lakini alitabasamu, akainua mikono, na kwa kuwa mtaa mzima unaijua sentensi, akaisema: "Baba yangu ana vidole kumi lakini havina kazi."

"Sawa. Sasa nenda hospitali, waambie ubao umekupiga wapi. Wakisema hakuna kitu, ukirudi nitakukanda bega."

"Na shingo?"

"Shingo sipokei."

Alikwenda akinung'unika njia nzima. Alirudi alasiri, hospitali wamesema hana kitu, na alimsema Vidole kwa sauti mbele ya wapakiaji wenzake wote kwamba amempotezea siku. Vidole alikuwa anapasha mafuta viganjani. Alimwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akalipigapiga benchi kumwonyesha alale.